Mbega Wamefungwa Tena

Mwaka ule Mbega walianza ligi vibaya, na tukisema vibaya tunawasitiri. Mbega ndiyo timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Kisaria, pale Moshi mjini, vijana wa jezi nyeusi zenye mabega meupe. Mechi ya kwanza tu, kwao, mbele ya watu wao, walifungwa mpaka kijana anayebandika namba ubaoni akaishiwa namba akaanza kuandika kwa chaki. Kufunga wanafunga, hapo tusiwaonee. Kukaba sasa! Mpinzani akishika mpira wanampisha kama bibi harusi anayeingia kanisani.

"Mkabeni!" sauti ilipasuka kutoka jukwaa la saruji. "Wewe mrefu, wewe! Umekuja kukaba au umekuja kupigwa picha? Kunja magoti!"

Wanafunzi wapya waligeuka, wakamwona mama mtu mzima wa kitenge na sweta, wakacheka. Wa zamani hawakucheka. Wao walimwamkia, "Shikamoo Mama Jesse," naye akawajibu, "Marahaba, marahaba, hebu kaeni nione," bila kuondoa macho uwanjani.

Huyo ndiye Eunike, fundi cherehani wa Majengo. Siku za kazi hulala mjini, katika chumba cha kupanga chenye kibaraza, na kibarazani pale ndipo cherehani yake inapokaa, anashona sare za shule na kubandika namba za jezi. Jumamosi jioni hupanda kwao Mwika, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe Aminieli, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa na ng'ombe mmoja, na Jumapili huimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Kanisani ni mpole, hata mwalimu wa kwaya humsahau. Mpeleke uwanjani uone.

Na sehemu yake ya kukaa ni ile ile, tangu mwanawe Jesse alipoingia chuoni. Jesse alishamaliza chuo zamani. Mama yake hakuhitimu.

Jesse hakuwa mfungaji. Watu wengi humkumbuka mfungaji, lakini waulize waliocheza naye watakuambia habari za Jesse kukaba. Alikuwa anakunja magoti, anatanua mikono, anamtazama mtu kiunoni, huku anawaita wenzake, "Nipo! Nipo kulia! Nipo nyuma yako!" Hiyo "nipo" yake ilikuwa inasikika mpaka barabarani. Eunike akiisikia alikuwa anatulia moyo, anafungua chupa yake ya chai na kunywa kwa raha, maana mtoto wake yupo.

Halafu siku moja, nusu fainali, Jesse aliruka kuzuia mpira, akatua vibaya, goti likaenda kwake na mguu ukaenda kwake. Walimpasua, wakamfunga plasta, akatembea tena, lakini kucheza ndiyo basi. Alipopata kazi ya kutunza stoo katika kiwanda cha samaki Mwanza, aliondoka haraka kama mtu anayefukuzwa. Siku anafunga begi alijitoa kwenye kundi la wasap la timu.

"Sitaki kuona, Mama," alisema. "Ukiona wewe inatosha."

Basi Eunike akawa anaona kwa niaba yake.

Aminieli alipofariki, Jesse alikuja kuzika. Alisimama penye kaburi, kati ya migomba, wajomba na baba zake wadogo wakamkumbusha lile ambalo kila mtoto wa mlimani analijua: kitindamimba ndiye mwenye nyumba ya baba yake. Jesse akaitikia, akasema atakuja Desemba wakae wayapange. Desemba ikaja. Na Desemba ya kule mnaijua wenyewe. Magari ya kutoka Dar yanapanda mlima usiku na mchana, kila boma lina mbuzi aliyefungwa, kila mtu anamtazama mwenzake amerudi na nini. Jesse hakurudi. Mwaka uliofuata alisema mambo hayajakaa sawa. Eunike hakuhitaji kutafsiriwa. Mtoto alikuwa anaona aibu kupanda ile barabara na mguu unaochechemea na begi moja, huku wenzake aliosoma nao wanaegesha magari mbele ya kanisa.

Alichokitaka Eunike mwaka ule kilikuwa kimoja tu: Krismasi Jesse alale Mwika, katika chumba chake, asikie maji ya mfereji yakipita nyuma ya nyumba. Hakuwahi kumwambia. Angemwambiaje? Ukimwita mtoto akasema hapana, hiyo hapana utaiweka wapi? Afadhali usimwite, ukae na matumaini yako.

Na simu zenyewe zilikuwa za kuhesabiwa maneno. "Shikamoo Mama. Mzima? Ng'ombe mzima? Haya Mama, ngoja niingie kazini." Eunike alikuwa anabaki ameshika simu, ana maneno kifuani ya kujaza gunia.

Sasa turudi kwenye ile mechi ya kwanza. Eunike alirudi kibarazani Majengo amefura, hata uzi hauingii kwenye sindano. Akaona hapana, hili siwezi kulala nalo. Akampigia Jesse, siku isiyo ya kupigiana.

"Mama, kuna nini?" Jesse alishtuka.

"Kuna msiba! Mbega wamefungwa, baba. Wamefungwa mpaka na watoto wadogo wadogo wasio na ndevu."

Eunike akafikiri amemuudhi. Kisha Jesse akauliza taratibu, "Wamefungwaje?"

"Hawakabi! Kila mmoja anamtazama mwenzake. Mtu anapita katikati anakwenda kuweka mpira kikapuni kama anaweka yai kwenye kiota."

"Chini ya kikapu anasimama nani?"

"Mtoto mmoja wa Rombo, anaitwa Shedrack. Mrefu, lakini amesimama kama nguzo ya umeme. Bado nyaya tu."

Jesse akacheka. Jamani! Eunike alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu enzi za goti zima. Jesse akaanza kueleza kwamba mtu mrefu asipokunja magoti ni mti tu, kwamba mwalimu awafundishe kuitana, kwamba timu isiyoitana haikabi. Akaeleza akapandwa na hasira, akashuka, akapanda tena. Adhana ya magharibi ikatoka msikitini, watu wakapita kwenda kuswali wakarudi, mama na mwana bado wako kwenye simu, na simu imechemka sikioni kama kiazi. Mpira ulipokwisha, maneno hayakwisha.

"Mama, ule mgomba wa mshare karibu na kaburi la Baba, ulizaa?"

"Ulizaa, baba. Mkungu mkubwa."

"Ulipika mtori?"

"Nilipika. Nilikula mwenyewe."

"Mm," Jesse akasema, na hiyo "mm" Eunike alilala nayo.

Mechi ya pili, Mbega wakafungwa tena. Ya tatu wakatangulia vizuri, wakashikwa, wakafungwa. Kila mechi Eunike alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, tena kelele za kweli, za uchungu, mtu asije akamzulia hapa. Alikuwa anaumia. Kumwona mpinzani anapita pale pale ambapo Jesse alikuwa hapitiki, ilikuwa kama kumwona mtu amekalia kiti cha marehemu. Siku moja alifunga kazi mapema akaenda mpaka dukani kwa Hardeep, kocha wa timu. Hardeep ni Kalasinga wa hapo hapo Moshi, anauza vipuri vya magari, babu yake alikuja kujenga reli, na yeye Kiswahili chake ni cha Moshi mpaka kwenye kikohozi.

"Shikamoo Mama Jesse," Hardeep alisimama nyuma ya kaunta.

"Marahaba. Hardeep, nimekukosea nini?"

"Kwa nini tena, Mama?"

"Mbona unanivua nguo mbele ya watu? Ile ni timu au ni mahame?"

Hardeep alikuwa hana ubishi. "Vijana ni wapya, Mama. Kila mmoja katoka kwao na ukabaji wake. Hawajazoeana. Nipe mpaka Novemba."

"Novemba tutakuwa tumeshazikwa!" Eunike akamwambia, akatoka, kisha akarudi kuchukua mwavuli aliousahau.

Lakini tuseme ukweli wote. Akishamaliza kuumia uwanjani, alikuwa anatembea kurudi Majengo haraka, kama msichana anayekwenda kumwona mchumba. Maana Mbega wakifungwa, Jesse anazungumza. Sasa alikuwa anapiga mwenyewe, hata hangoji kupigiwa. "Mama, vipi leo?" Na kutoka kwenye ukabaji wanafika kwenye ng'ombe, kwenye paa la jiko, kwenye ile siku Aminieli alipoanguka mferejini akiwa na suti ya kanisani. Siku hiyo walicheka mpaka mpangaji jirani akagonga ukuta.

Novemba ikafika, na Hardeep alikuwa hajasema uongo. Sijui kiliwaingia nini wale vijana. Walianza kuitana. Shedrack, yule nguzo ya umeme, akakunja magoti. Ulipokuja ugeni kutoka Arusha, na mfungaji wao anayeogopwa mkoa mzima, Shedrack alimganda mpaka mtoto wa watu akaomba kupumzishwa. Mbega wakashinda. Eunike alirukaruka jukwaani kwa umri wake ule, chai ikamwagika kwenye kitenge. Akapiga simu pale pale, amezungukwa na ngoma na vuvuzela.

"Jesse! Tumeshinda! Tumekaba, baba, tumekaba!"

"Safi sana Mama. Hongera zao. Haya, ngoja niingie kazini."

Ikakatika. Eunike akaitazama simu. Watu wanacheza, yeye amesimama katikati yao kama mtu aliyeteremshwa kituo siyo.

Wakashinda tena, na jibu likawa "Safi Mama," kwa ujumbe, na kidole gumba. Kidole gumba! Umzae mtu kwa uchungu, umbebe mgongoni ukichuma kahawa, akutumie kidole gumba.

Wiki ile Eunike alijifunza kwamba mwanawe hakuwa anahitaji timu inayoshinda. Timu inayoshinda ilikuwa inaweza kuishi bila yeye. Ile iliyokuwa inafungwa ndiyo iliyokuwa bado ina pengo la Jesse ndani yake.

Mechi iliyofuata Mbega walishinda kwa raha. Eunike alirudi kibarazani, akakaa mbele ya cherehani, simu ameiweka juu ya kitambaa. Ikaita. Jesse.

"Vipi Mama, leo?"

Tungependa kusema ulimi uliteleza, lakini tusimtetee. Ulimi ulikwenda pale ulipotumwa.

"Mbega wamefungwa tena, baba."

"Aaa! Si ulisema wameanza kukaba?"

"Walikuwa wanabahatisha tu."

Yelewi! Waliongea siku ile. Jesse alieleza, akakaripia, akacheka, na mwishoni akasema, "Mama, natamani mtori wako." Eunike alilisikia neno "njoo" likipanda mpaka kooni. Likagota pale. Alisema tu, "Mshare bado zipo," na Jesse akasema haya Mama, na ikawa imepita.

Uongo una tabia moja, haukubali kukaa peke yake. Mechi iliyofuata wakafungwa tena, kwa mdomo wa Eunike. Na kwa kuwa Jesse aliuliza kosa ni la nani, Eunike akamtwisha Shedrack. Kwamba amerudi kusimama wima. Kwamba anakaba mikono kiunoni. Kwamba anatafuna bazoka uwanjani! Kesho yake asubuhi Shedrack mwenyewe alikuja kibarazani na jezi iliyochanika begani kwa kukaba.

"Shikamoo Bibi. Naomba unishonee hapa."

"Marahaba, mjukuu wangu," Eunike alisema, akainamia cherehani, akashona bega lile mara mbili mbili, hakuweza kumtazama usoni. Alipoulizwa bei akasema nenda, nenda tu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jesse, kule Mwanza, moyo ulishindwa kuvumilia. Akatafuta namba ya Hardeep, ambayo hakuwa ameipiga tangu aondoke, akampigia kumweleza namna ya kumfundisha mtu mrefu kukunja magoti. Hardeep alifurahi kwanza, kisha akashangaa. Shedrack yupi? Shedrack huyu ndiye mkabaji bora tuliyempata tangu wewe. Mechi ipi tumefungwa? Jesse, sisi tunakwenda fainali.

Hardeep alikuja mwenyewe kibarazani kumwambia Eunike. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama Jesse, nadhani nimeharibu kitu. Sikujua."

"Hujaharibu, Hardeep. Kilikuwa kimeshaharibika."

Ujumbe wa Jesse ulikuwa umeshaingia. "Mama, kwa nini umenidanganya? Au unanionea huruma?" Eunike alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Jumapili ikapita, ile simu ya shikamoo-mzima-haya nayo haikuja. Kanisani alifungua kinywa sauti ya pili ikagoma, akabaki anatikisa kichwa tu kama wengine wanavyofanya wakisahau maneno.

Hiyo "unanionea huruma" ndiyo iliyomchoma. Huruma! Yeye aliyekuwa na njaa ya sauti yake, aambiwe alikuwa anatoa sadaka.

Mchana ule, Mwika, alichukua kisu akaenda kaburini kwa Aminieli. Kaburi lile, kama makaburi ya kwao yote, limezungukwa na masale, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa pia kwenye mipaka ya kihamba. Watu wa mlimani, mtu akimkosea mwenzake kosa ambalo maneno hayalitoshi, hukata jani la isale, hulifunga fundo, humpelekea. Na isale halikataliwi. Hata kama umeua ng'ombe wa mtu, ukifika na isale lazima akusikilize.

Wifi yake Gladness, dada wa marehemu, alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akamwona analifunga fundo.

"Eunike, kuna nini? Unampelekea nani isale?"

"Jesse."

Gladness akautua mzigo. "Wewe! Mzazi hampelekei mtoto isale. Mtoto ndiye anayempelekea mzazi. Hujawahi kusikia hilo, na mimi sijawahi."

"Nimemdanganya, wifi."

"Ulimdanganya nini?"

"Mpira."

"Mpira," Gladness akarudia. "Unamwinamia mtoto uliyemzaa mwenyewe kwa sababu ya mpira?"

"Aliyekosa ndiye anayepeleka," Eunike alisema, na machozi yakaanza. "Mimi nilitaka aongee tu, wifi. Akiongea mpira anakuwa yule Jesse wangu. Nilikuwa namwiba kidogo kidogo. Nimemkumbuka mno mpaka nimekuwa mwongo uzeeni."

Gladness alikata jani la mgomba, akalipitisha kwenye moto jikoni lilainike, akalifunga isale ndani yake kwa kamba ya mgomba, vizuri, kama mtu anayemvisha mtoto.

Jumatatu Eunike alilipeleka stendi, ofisi ya basi la Mwanza. Karani wa mizigo, kijana wa Kibosho, mtu wa mlimani pia, anayeitwa Fabian, alilipima kwa mkono.

"Ndani kuna nini, Mama?"

"Jani."

"Jani tu? Mwanza hakuna majani?" akacheka, akafungua pembeni kukagua. Akaliona fundo. Kicheko kikaisha. Akalifunga tena taratibu, akaandika jina la Jesse na namba yake kwa herufi kubwa, akamwita dereva. "Hili halikai kwenye buti," alimwambia. "Hili kaa nalo mbele."

Eunike hakuweka barua. Angeandika nini?

Siku zikapita. Mji ulianza kujaa. Magari yenye vumbi la Chalinze yalipanga foleni kwenye vituo vya mafuta, watoto wa Dar wakishangaa baridi. Simu ya Eunike ilikuwa juu ya cherehani, na kila ilipolia alijichoma sindano. Walikuwa wateja. Hardeep alipita kumwambia fainali ni Jumamosi saa kumi, na kwamba sehemu yake jukwaani wamemtunzia, wameitandika hata kitambaa. "Mwaka huu tunabeba kikombe, Mama Jesse. Kwa kukaba!"

Ijumaa jioni ujumbe ukaingia.

"Isale limefika. Napanda basi kesho alfajiri."

Eunike alisoma, akampelekea mpangaji jirani naye asome, asije akawa ameuona yeye peke yake. Kisha akapiga hesabu ya safari, Mwanza, Singida, Arusha, akajua basi litaingia jioni, fainali ikiwa imepamba moto.

Jumamosi alifunga cherehani mchana. Alipofika kwenye njia panda, ngoma za chuoni zilikuwa zimeshaanza, na ile midundo ya mpira kwenye saruji aliijua kama mapigo yake. Miguu ilimvuta. Hakuwahi kukosa mechi, hata siku ya mvua ya mawe, hata wiki ile ya matanga ya Aminieli alipokwenda amejifunika khanga nyeusi watu wakamsema. Na leo ni fainali. Angeweza kuona nusu ya kwanza akawahi stendi. Akasimama pale, mwavuli kwapani. Kisha akasema, "Hapana, leo siendi kuangalia kwa niaba ya mtu," akakata kushoto kwenda stendi.

Basi la Mwanza lilichelewa. Mabasi ya Dar yaliingia moja baada ya jingine, yakimwaga magodoro, majokofu, watoto wa viatu vipya, wanaume wanaoita mabegi yao kwa sauti kubwa ili wasikike wamerudi. Eunike aliwatazama akaingiwa na hofu. Jesse akiwaona hawa si atageuza? Si atashukia Arusha alale huko apande la kurudi? Ikasikika kelele kubwa kutoka upande wa chuo, kelele za mwisho wa mechi, ambazo kwa mbali huwezi kujua ni za kilio au za furaha. Baadaye kidogo vijana wenye vitambaa vyeusi na vyeupe walianza kupita barabarani. Angeweza kumuuliza yeyote kati yao. Hakuuliza, maana basi lilikuwa linaingia getini.

Walishuka wote, mpaka akaanza kuhesabu viti moyoni. Ndipo akatokea mlangoni, wa mwisho kabisa, amekonda, akishuka upande upande, mguu mzima kwanza, ule mbovu nyuma. Begi moja. Mfuko wa shati ulikuwa na kitu cha kijani kilichoanza kukauka ncha, fundo likiwa bado limefungwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba."

Wakasimama. Jesse aliangalia magodoro na majokofu yale, akaliangalia begi lake. "Nimekuja mikono mitupu, Mama."

"Nani alikuagiza mikono?" Eunike alisema. "Mimi nilikuwa nakutaka wewe. Sikuthubutu kukuita, ndiyo maana nikawa nawasingizia watoto wa watu. Jesse, ule uongo..."

"Halikataliwi," Jesse alisema, akagusa mfuko wa shati. "Limeshafika, Mama. Yaishe."

Eunike akaitikia kwa kichwa. Jesse akajaribu kumsaidia, akarudi kule walikozoea.

"Leo si ndiyo fainali? Haya, nipe. Mbega wamefungwa tena?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Sikwenda."

Jesse alimtazama mama yake, yule aliyekwenda uwanjani hadi wiki ya matanga. Akalihamishia begi bega la pili, akaushika mkono wa mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa darasa la kwanza.

"Basi tutawauliza kesho," alisema.

"Tutawauliza."

Wakaenda kutafuta gari la Mwika. Jesse alikuwa anachechemea, na Eunike akapunguza mwendo.